Mapera ya Fundi Onditi

Baba huchomelea mageti Kamasi, Kisumu,
nyuma ya duka la mabati,
na miwani yake nyeusi ina ufa
tangu mwaka ule ziwa lilipofurika.
"Macho hayana pazia," husema,
kisha hukunja uso, cheche zikaruka.

Mimi nasomea maabara. Nina deni la karo
na hadubini ya kuazima.
Nilitaka kumwambia: pazia lipo, Baba.
Ni maji tu, kijiko hakijai,
nyuma ya konea, mbele ya lenzi,
na humo vitamini C imerundikwa
mara ishirini kuliko iliyo damuni.
Pampu ndogo ukingoni mwa mboni
huiteka kutoka damu ya mtu yeyote, hata mwenye deni,
huipandisha mlima chembe kwa chembe
kama akina mama wa Manyatta na mitungi ya njano
siku mfereji umekatika.

Kuitengeneza hatujui. Mbuzi anajua.
Yule beberu mla karatasi kando ya reli
huipika mwenyewe, ndani ya ini lake.
Sisi twamngoja Truphosa ashuke na mapera ya Vihiga,
fungu moja, na mawili yana mabuu.

Lakini sikiliza hapa, maana hii ni kazi yako:
mwali ukipiga, vitamini hujitanguliza,
huungua badala ya lenzi.
Hubaki gofu.
Jicho hulitupa?
Wewe, umewahi kuona pipa la lami
ukaliacha lioze?
Gofu lile hupenya kwa mlango wa sukari,
maana limefanana nayo,
na ndani lipo karakana:
glutathioni, kibarua asiyeandikwa kwenye kibao,
hulipa kile lilichopoteza
likasimama tena, vitamini kamili,
likarudi foleni kungoja cheche nyingine.
Mara ngapi kwa siku? Kitabu changu hakisemi.

Alinisikiliza huku akipiga tupa bawaba.
"Na huyo kibarua," akauliza, "huwa hachoki?"

Huchoka, Baba.
Katikati ya lenzi hakuna mshipa hata mmoja;
kila kitu hufika kwa miguu.
Miaka ikizidi hufika kimechelewa,
magofu yakalundikana,
na kilichokuwa kioo kikawa rangi ya chai.

Mimi ndiye kitinda mimba, nilidhani.
Kumbe nina mdogo wangu:
daktari alimulika tochi, akasema
jicho la kushoto lina mtoto.

Nilinunua miwani mpya. Na mapera,
ingawa najua pera halimtoi mtoto jichoni.
Alikula moja na mbegu zake zote,
akainua bawaba juani,
akafumba jicho la kulia ili alijaribu la kushoto.
"Imenyooka?"

Ilikuwa imepinda kidogo, pale juu.
Nikamwambia.