Tuta la Nane

Asubuhi ile ukungu ulishuka Umalila
hata nikamkamua ng'ombe kwa kupapasa;
kichwa chake sikukiona,
nilimjua kwa pumzi.

Ndege ilipita mara ya kwanza, juu, ikielekea Songwe.
Sekela akasema, "Mama, leo imechelewa."
Ikapita mara ya pili, chini zaidi,
vikombe vikagongana kabatini.
Mara ya tatu haikupita.

Hakikuwa kishindo kama wanavyosimulia watu.
Kilikuwa kama gunia la mbolea
limeangushwa chumba cha pili.
Kuku wakanyamaza. Nami pia.

Tulikwenda tumeshikana khanga,
tukiita, na ukungu ukitujibu
kwa sauti zetu wenyewe.
Mwashilindi alitangulia na panga,
sijui la kumkata nani.
Harufu ya mafuta ya taa ilitupokea njiani.

Sitasimulia yote. Nitasimulia boksi
la kamba wa baharini, barafu haijayeyuka,
wametapakaa kwenye matuta yangu na ndevu zao ndefu,
na watoto wa huku juu, bahari hawajaiona,
wakiuliza kama wale ni panzi.
Kuna mtu Mbeya mjini alikuwa akingoja kitoweo hicho,
sufuria keshaiosha.

Wiki iliyofuata akaja bwana Kalokola na daftari.
"Kati ya mara ya kwanza na ya pili, dakika ngapi?"
Nikamwambia: nusu ndoo ya maziwa.
Akaandika.
Mimi nilitaka aniulize habari ya moshi,
maana alfajiri ile nilichoma magugu,
rundo moja tu, kando ya tuta la nane.
Hakuuliza. Nilipomwambia mwenyewe
akafunga daftari polepole:
"Mama, moshi wako kwa ukungu ule
ni kijiko cha chumvi ziwani."

Lakini chumvi ikishaingia ziwani
nani ataitoa?

Msimu ulipokomaa, tuta la nane
lilizaa kuliko yote, viazi vya kujaza viganja viwili.
Siku tatu tulivitazama tu.
Ada ya Sekela ilikuwa inadaiwa.
Nikavishindilia lumbesa, nikavishusha Mbalizi.

Mnunuzi akakikata kimoja kwa kisu,
akanusa, akasifu udongo.
"Huko kwenu mnaweka nini?"

Nikahesabu chenji yake.
Nikaihesabu tena.