Trei Mbili

Lori letu lilikuwa la kumi na tisa
ukihesabu kuanzia geti la bandari.
Msimu wa korosho, Mtwara: magari mistari miwili,
injini zimezimwa, madereva wamelala, miguu dirishani.
Kati ya mstari na mstari palibaki upenyo
wa kumtosha mtu aliyebeba ndoo mbili.

Mimi ni utingo. Nilitaka kumwaga makapi ya chai.
Nikafungua mlango.

Pikipiki sikuisikia.
Nilisikia mayai.

Trafiki alikuja na chaki na futi kamba,
akapima tairi hadi tairi, akapima mlango
ulivyojitokeza: sentimita themanini na mbili.
"Afande, huu upenyo ni wa nani?"
"Kaa pembeni, kijana."

Mahakamani wakili wetu akasema katikati ya magari si njia,
anayejipenyeza hujipenyeza kwa hasara yake.
Wa Mfaume Litunu akasimama: foleni iliyolala
si foleni, ni maegesho,
na mlango wa gari si kifuniko cha sufuria.
Hakimu alikuwa anaandika tu. Feni ilikwaruza.
Kisha akamgeukia dereva, Kalisto Mmole:
"Ni wewe uliyefungua?"
"Hapana, mheshimiwa. Ni kijana wangu."
"Wako," hakimu akasema, akapigia neno hilo mstari.

Hapo ndipo nilipojifunza sheria.
Kosa la kibarua ni la mwenye mali.
Mkono huu, wenye kovu la kamba za turubai,
siku ile ulikuwa mkono wa tajiri mmoja wa Masasi
ambaye sijawahi kumwona hata kisogo.

Aliyepenya, asilimia arobaini.
Mwenye lori, sitini. Bima italipa.
Nilihesabu kwa vidole chini ya benchi:
arobaini na sitini, mia. Imetimia.
Hapakubaki hata moja ya kunipa.

Mfaume ana vyuma vya Ligula mguu wa kushoto.
Siku ya hukumu nilimtazama akishuka ngazi
nikajiuliza arobaini yake inaanzia wapi,
gotini, au chini kidogo ya goti.

Siku hizi sifungui mlango hivi hivi.
Nikitaka kushuka kwenye lori nagonga bati, nasema hodi.
Kalisto hucheka: hodi ya kutoka, umeiona wapi?
Hata chooni kwangu nagonga nikiwa ndani.

Jumamosi nilikwenda Mkanaledi, nimekumbatia trei ya mayai
kama mtoto wa kuazima.
Mkewe, Somoe, hakunikaribisha, hakunifukuza.
Aliipokea mlangoni, akahesabu mbele yangu
moja moja, hadi thelathini.
Ndani Mfaume alikohoa.

"Zilikuwa mbili," Somoe akasema.