Siku ya Tano

Jumapili gereji imefungwa, tumo ndani,
Harbans na mimi. Viti ni matairi,
meza ni boksi la betri,
na juu ya boksi kalenda ya duka la mbolea
tuliyouzungushia duara mwezi wa nne.

Mwezi wa nne, anasema, kule jua hukaanga.
Majani yamekauka, vidimbwi ni vya kuhesabu,
na mnyama, apende asipende, hushuka kunywa.
Huku ndipo masika yanapoanza.
Tabutany atapanda mahindi Rongai bila mimi.
Hilo sijamwambia.
Kwanza nauli.

Shilingi tunazigeuza rupia, rupia tunazirudisha shilingi,
na kila zikirudi zimepungua,
kama maji yanayobebwa kwa viganja.
Ada ya lango. Ada ya gari. Ada ya kiongozi.
Nacheka peke yangu. Miaka ishirini na sita
mimi ndiye niliyewasomea wageni ada hizo
langoni kwa ziwa Nakuru, uso mkavu,
kana kwamba nataja bei ya chumvi.

Harbans amezaliwa hapa, hospitali ya mkoa.
Babu yake alikuja na reli, akabaki na spana.
India hajaikanyaga.
Fomu ya viza ilimuuliza sababu ya safari;
akaandika: utalii.
Kisha akalitazama hilo neno muda mrefu,
kalamu ingali mkononi.

Tunabishania jina. Mimi nasema chui milia.
Yeye, aliyefundishwa na mwalimu wa Tanga,
anashikilia simbamarara.
Maskini mnyama! Lugha yetu haikuwahi kumwona,
ikamvika koti la jirani:
huyu kamkopa simba, yule kamkopa chui,
naye huko aliko hajui kama anadaiwa.

Nguo ziwe za rangi ya vumbi.
Darubini yangu, ile yenye ukungu jicho la kushoto.
Cheti cha homa ya manjano.
Kilemba chake cha safari, anasema, ni cha bluu.
Bluu huita mbung'o, namwonya, sauti ya kazini.
"Kule hakuna mbung'o, bwana."
Nanyamaza.
Kumbe kuna msitu ambao mimi
nitakaa kiti cha nyuma na kuuliza maswali.

Ndipo anapolitoa:
"Na tusipomwona?"

Swali hili nimelijibu kwa lugha nne.
Mnyama hana saa, mnyama hana mkataba,
nimewaambia watu waliodai pesa zao
injini ikiwa bado ya moto.
Leo jibu limenikwama kama mwiba wa samaki.

Namkumbuka Bi Vaidehi wa Nagpur.
Siku tatu tulimsaka chui kwenye migunga,
ziwa limemeza barabara ya zamani,
miti iliyokufa imesimama majini hadi kiunoni.
Chui hakutoka.
Jioni ya tatu, juu ya mwamba, pimbi mmoja
aliota jua la mwisho, macho nusu,
kama karani baada ya chakula.
Bibi yule alimtazama huyo pimbi
hadi nikahofia lango kufungwa.
Nyuma ya risiti aliniandikia mistari miwili ya Kihindi.
Harbans ndiye aliyenisomea, kwa kusitasita,
hapa hapa, kati ya filta na mafuta machafu:
Njoo kwetu siku moja,
nawe umkose wa kwetu vizuri.

Risiti ninayo. Imeanza kuchanika kwenye mkunjo.

"Basi siku ngapi?" anauliza. "Tatu?"
Andika tano, namwambia.
"Nne za kumtafuta, sawa. Ya tano ya nini?"
Simjibu.
Anaandika tano hivyo hivyo,
na vidole vyake vya grisi vinapoinuka
vinauachia mwezi wa nne
milia mitatu, myeusi.