Pumzi Nane

Haroub alikuja na daftari na kalamu mbili,
akakataa chai, kisha akainywa.
"Bibi, nimeambiwa mchezo wa Kanzu Moja
uko wote kichwani mwako."
Wote haupo. Maandishi yaliliwa na mchwa
mwaka ule paa la skuli lilipovuja.
Ila mimi ndiye niliyekaa nyuma ya pazia,
juu ya debe lililopinduliwa,
nikiwanong'oneza waliosahau,
na walisahau sana, Mungu awarehemu.

Nikamhadithia.
Ndugu wawili, mnene na mwembamba, kanzu moja baina yao,
wamekwenda kuposa nyumba moja, usiku mmoja:
huyu sebuleni na kanzu, yule uani na taulo,
na mama mkwe anataka kuwaona kwa zamu, upesi.
Mama mkwe alikuwa Mjaka, fundi baiskeli wa Limbani,
aliyejitanda buibui la mkewe, masharubu yakakataa kujificha.
"Safari hii tutamtia mwanamke," Haroub akasema.
Nikamwambia haya.
Masharubu yalikuwa nusu ya mchezo.

Siku ya kupiga picha, nyumba ya kweli, Jadida,
nyaya zimetambaa mpaka jikoni kwa watu.
"Kata!"
Mara kanzu imehama.
Imehamaje?
"Tunakata, bibi, tunaunga. Mtazamaji haoni."

Haoni! Mwanangu,
watu walikuja kwa miguu kutoka Gando
kuja kutazama kisichoonekana:
mlango mtupu, pazia la kanga linatikisika,
huko nyuma Shoka kanzu imemnasa masikioni
anavuliwa kama ndizi mbichi, haivuki,
na mimi kwenye debe nahesabu pumzi.
Moja. Mbili.
Ya tatu, mtoto anacheka safu ya mbele.
Ya tano, mtu mzima anajiziba mdomo kwa kofia.
Ya saba, ukumbi wa Wete umeinama wote.
Ya nane anatoka Mcha, kanzu ile ile imemmeza,
jasho la mwenzake mgongoni,
anasema "Hodi," taratibu,
kama mtu anayetoka kusali.
Hodi haikuchekesha mtu.
Ni zile pumzi.

"Kwenye televisheni," Haroub akasema,
"mlango mtupu ni karne. Watu watahama stesheni."
Wahame. Watarudi.

Lakini alinipa heshima yangu. Akapiga mara moja bila kukata.
Nikahesabu kwa vidole ndani ya mtandio.
Ilipofika sita, fundi wa sauti, kijana wa Unguja
asiyejua hata kisa kinahusu nini,
akapasuka.
Haroub akamkaripia, picha imeharibika.
Mimi nikamtazama yule kijana
kama niliyemzaa.

Usiku wa Idi pili sebule yangu ilijaa,
watoto mkekani na nguo zao mpya zenye madoa ya halua.
Mlango ukaja.
Moja, mbili, tatu,
na Mcha wa siku hizi, mwenye meno mazuri, keshatoka:
"Hodi."

Tatu. Kanipa tatu katika nane.
Sikujua nimshukuru au nimlaani,
na mdomo haukungoja ruhusa.
"Nne," nikasema.
Bi Kazija, aliyeuona mchezo ule na mimba ya kwanza
akacheka mpaka mkunga akaitwa,
akasema, "Tano."
Sita, wakadakia watoto, wasijue tunahesabu nini.
Saba.
Kwenye televisheni watu wanasema maneno yao,
hakuna aliyewasikia.
Sote tumegeuka, sijui kwa nini,
tunatazama pazia la mlango wangu wa uani.

Nane.
Akatoka mjukuu wangu Khatibu, anatoka koga,
taulo kiunoni, povu sikioni:
"Nani kaichukua kanzu yangu?"