Murongo

Soko la Kadutu, jua halijapanda.
Mama Cibalonza anapima maharage kwa murongo
ambao kitako chake kimegongwa kwa nyundo, kikaingia ndani.
Wote tunajua, na bado tunanunua kwake,
maana kwake hukosi matabishi:
konzi moja, mara nyingine mbili, anaitupia juu
kama mtu aombaye msamaha bila kufungua mdomo.

Mwezi uliopita mlima ulishuka usiku.
Ulichukua nyumba nne, ukaruka baa,
ukachukua ya tano.
Asubuhi walimtoa Byamungu,
miaka sita, kiatu kimoja mguuni.
Byamungu: jina nililomchagulia mwenyewe
nikidhani ni shukrani,
kumbe nilitia sahihi stakabadhi.

Makaburini mchungaji Zihindula akasema: Mungu ni mwema.
Kila wakati, tukajibu.
Mdomo wangu ulijibu kabla yangu.

Tangu hapo nachambua maharage na kuuliza:
wema huo umepimwa kwa kopo la nani?
Kama ni kopo lake,
na kila akijazacho kimejaa kwa kuwa kajaza yeye,
basi hata kitako kilichogongwa ni haki,
na neno "mwema" ni debe, linavuma tu.
Kama ni kopo jingine,
limetundikwa mahali ambapo hata yeye halifikii,
nionyesheni aliyelitundika,
nikapige magoti huko.

Mume wangu anasema: nyamaza,
chungu hakimuulizi mfinyanzi.
Namwambia: chungu hakijawahi kuzika chungu.

Labda si lazima awe mkamilifu.
Mkamilifu hana deni.
Mkamilifu hajui kusema pole yenye maana,
ile ya mtu aliyekukanyaga akakuona.
Nikishindwa kumdai, nitamwomba vipi?
Lakini akiwa na kosa kama mimi,
mvua ikianza tena usiku
nitamwita nani?
Hapo ndipo ninapokwama, sufuria inaungua.

Jumamosi nilirudi sokoni.
Mama Cibalonza alijaza murongo wake mbovu,
akaongeza konzi,
akaongeza, akaongeza,
maharage yakamwagika juu ya gunia na matopeni,
naye hakuniangalia usoni.
Hazikutosha. Nilizibeba zote.

Usiku, badala ya Baba Yetu,
niliketi na bakuli mapajani, taa imezimwa.
Sidai kopo lililojaa, nikasema.
Matabishi yangu yako wapi?