Funga Chini

Daftari la chama chetu cha maziko, Majengo,
limo ndani ya mashine aliyoniachia Fadhili
alipokwenda Doha: majina mia tatu na kumi na mawili,
nani kalipa, nani adaiwa sanda,
nani alichangiwa dawa, akapona,
akaona haya kupita mlangoni kwangu.

Shaabani ikaanza kunidai.
Kila asubuhi, kabla sijafungua jina la marehemu yeyote,
pazia la buluu: Ruhusa yako imekwisha, nunua.
Nikakoroga chai, nikaosha kikombe,
narudi, kaduara kake bado kazunguka
kama mtu aliyepoteza ufunguo uani.

Nikaifunga kwa leso
nikampelekea Kadzo, Mwembe Tayari,
kibandani baina ya muuza saa na mchonga mihuri.
Akaigeuza, akapuliza.
Mende akatoka, mkavu, wa siku nyingi.
“Mama, usinunue. Kuna za bure.”
Bure ya wizi siitaki, nikamwambia.
“Si ya wizi. Ni bure ya wakfu:
kisima kimechimbwa, teka,
na ukijua kuchimba, ongeza kina.”

Akapanga flashi tatu juu ya kaunta.
Ya kwanza Ubuntu. Nalilijua jina kabla ya kitu:
ndugu zetu wa kusini walivuta kirefu,
sisi twalikata, utu.
Ya pili ya nanaa, Minti,
menyu yake kushoto chini
palepale kidole changu kilipozoea.
Ya tatu hakuiandika kitu.
“Hiyo yangu. Waijenga mwenyewe, tofali kwa tofali.
Nalilia wiki mbili.”
Akaiweka kando.

Muuza saa: chukua yenye rangi nzuri.
Mchonga mihuri: chukua ile wanayotumia watu wa benki.
Kwenye sanduku la Kadzo, kibandiko cha ngwini,
ndege wa barafu,
jua la Mombasa lishamchubua mdomo.

Mimi nalikuwa na swali moja.
Ikikwama usiku, na maiti azikwa alfajiri,
nani mtaani kwangu aijua?

Kadzo akafikiri.
“Mwalimu Chengo wa Tononoka. Ana ya nanaa.
Na mimi, nikishika simu.”

Basi nionjeshe.

Wauza halua wa Kibokoni hukukatia kidogo,
wakakupa juu ya karatasi,
walamba, wakataa, huna deni.
Ndivyo alivyofanya. Akachomeka flashi,
mashine ikaamka juu ya flashi,
ile ya zamani imelala chini yake, haijaguswa.
Daftari likafunguka.
Bi Mwanatumu bado adaiwa shilingi mia nne.
Nikasema, iweke.

“Ina Kiswahili pia,” akabonyeza.
Tafuta. Hifadhi. Mipangilio.
Na mwisho kabisa, penye kile kitufe cha kulaza mashine:
Funga Chini.

Nalicheka hata muuza saa akasimama.
Nani huyu? Chini hufungwa nini, kikoi?
“Mtu tu, mama. Kajitolea. Labda usiku, labda kachoka.
Rekebisha.”
Mimi?
“Ndiyo maana yake kuwa wazi.
Mlango hauna bawabu. Una foleni tu.”

Miaka ishirini na sita nimeandika majina ya watu
wasioweza kunisahihisha.
Nikavaa miwani.
Kwa kidole kimoja, herufi nne:
Zima.

Mfunguo Tatu umeingia. Neno langu bado lakaguliwa,
wapi, na nani, sijui. Sina haraka.
Usiku nikimaliza daftari
nabonyeza Funga Chini kama ilivyoandikwa,
na kwa mdomo nataja langu,
lile la taa,
ambalo ukilitia herufi moja mbele
ni la mtu aliyeamka salama.