Mmepoteza Nini Huko Juu?

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo,
bajaji zinatumwaga njiapanda ya Ruhoro:
watu kumi na wanne wenye raba mpya,
makarani wa bandari, wauguzi wa Maweni,
na Sabiyumva wa benki, mwenye fimbo ya kununua.

Mlima hautusalimii.
Unatupa mgongo wake, tupande.
Changarawe inakimbia chini ya soli kama mtama kwenye ungo,
na kila mmoja anatazama ncha za raba zake:
hapa jiwe, hapa mzizi, hapa ndipo alipoteguka
mwalimu Ndayizeye, mwezi jana.
Ziwa lote liko nyuma yetu.
Tumeahidiana kutoligeukia mpaka kileleni,
kama mtoto anayeiacha nyama pembeni mwa ugali.

Katikati ya njia, anateremka Kiza.
Kiza, si giza:
ni jina la anayewafuata mapacha tumboni mwa mama.
Dumu la mawese kichwani, lita ishirini,
kata ya majani ya mgomba, shingo wima kama mchi.
Sisi ndio tunaompisha.

"Mmepoteza nini huko juu?"

Tunacheka. Sabiyumva anahema, anajibu:
"Tunakwenda kuliona ziwa, mama."

Anasimama. Dumu halitikisiki.
"Ziwa? Mwaka wa thelathini huu nalishukia.
Mwenye mzigo haangalii miguu.
Ukiinama, yanamwagika mafuta na ada ya shule.
Miguu naiachia njia,
macho nayaweka pale, majini, mpaka sokoni.
Leo lilianza na rangi ya bati kuukuu,
kisha Kongo ikatoka ndani yake, mlima mmoja mmoja,
kisha ikarudi.
Ninyi mlikuwa mnafunga kamba."

Anapita. Nayasikia mafuta
yakijisemea ndani ya dumu,
chubwi, chubwi,
hadi kwenye kona.

Kileleni tunapiga picha.
Ukungu umeshafunga;
nyuma ya mabega yetu ni weupe mtupu,
kama karatasi ya mtihani ya mtoro.
"Tutalitafuta kwenye simu," anasema Sabiyumva.

Wakati wa kushuka nawaacha watangulie.
Naweka chupa ya maji kichwani.
Inaanguka. Naiokota. Inaanguka.
Mara ya tano naenda hatua tisa,
shingo wima, sina miguu,
na mbele, ukungu ulipochanika,
kipande cha maji kisichozidi leso,
buluu, kinanisubiri.

Hatua ya kumi ilikuwa ya jiwe.